Paja lililovilia damu: kisa kimoja kilichonifanya nibadilishe namna ninavyofundisha fasia

Siku ya pili ya kozi, kabla hata sijawasha slaidi, fizio mmoja, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, alinifuata mbele akanipa simu yake nitazame picha. Paja la mtu, upande wa nje, kuanzia chini kidogo ya nyonga mpaka jirani na goti, na lote limevilia damu, madoa ya zambarau ambayo pembeni yameanza kugeuka kijani na njano, na katikati kuna michirizi miwili mirefu, ukiitazama vizuri unaona kabisa hapa kiwiko kimepita. Akaniuliza kwa sauti ya chini wenzake wasisikie, "Mwalimu, huyu nimemfanyia fasia mara nne na bado haijaachia, nakosea wapi? Au nikandamize zaidi?"

Fasia ni ile tishu nyembamba na imara inayofunika na kutenganisha misuli, na kozi yangu ni ya kuitibu kwa mikono. Sikumjibu pale pale. Kilichonikaba koo ni lile neno "haijaachia", maana hilo neno nililitoa mimi. Kwenye kozi fupi aliyohudhuria kwangu mwaka mmoja kabla nilikuwa na slaidi imeandikwa "kuachia fasia iliyogandana", na chini yake mchoro wa nyuzi zimesokotana kama wavu uliokorogeka, halafu mchoro wa pili nyuzi zimenyooka, na katikati ya michoro miwili kuna mkono unakandamiza. Sasa mtu mwenye mikono ya nguvu na moyo wa kusaidia ukimpa mchoro kama ule atafanya nini? Atakandamiza mpaka nyuzi zinyooke. Kwahiyo hiki kisa nakiandika kama mwalimu, kwa walimu wenzangu na kwa yeyote anayewatibu watu kwa mikono, kwa sababu naamini kabisa kosa lilianzia kwenye picha iliyokuwa kichwani mwa yule kijana, kiwiko kilikuja baadaye, na ile picha kuna mtu aliyeiweka. Yeye na mteja wake wamekubali niandike, vitu vya kuwatambulisha nimeviondoa.

Mteja ni mwanamke wa miaka 30 na kitu, anakimbia mbio ndefu. Alikuwa anajiandaa na mashindano akaongeza kilomita haraka haraka, na njia aliyokuwa anaitumia ina mteremko mrefu. Maumivu yakaanza upande wa nje wa goti, akianza kukimbia yuko sawa, ikifika kama dakika 15 hivi yanakuja, akiteremka ndo yanakuwa makali mpaka anasimama, akitembea kwenye tambarare yanatulia. Fizio alimpima vizuri tu, na hili nalisema kwa sababu watu wakiona picha ya lile paja wanadhani alikuwa mzembe, hapana. Alikagua ligamenti za goti, zipo imara, hakuna maji ndani ya goti, hakuna goti kukwama, maumivu yapo pale pale juu ya kinundu cha nje cha mfupa wa paja, na akikunja goti kidogo tu ndo yanauma zaidi. Akasema hii ni bendi ya iliotibia, ile sehemu nene ya fasia inayopita upande wa nje wa paja kutoka nyonga mpaka chini ya goti, na alikuwa sahihi. Tatizo lilikuja hatua iliyofuata, alipopapasa upande wa nje wa paja akakuta kitu kigumu kama ubao, akahitimisha kwamba fasia imegandana na msuli wa chini yake na lazima ivunjwe.

Akamwambia mteja hivyo hivyo, kwamba fasia yako imegandana, tutaivunja. Mara nne, kila mara dakika 20, mafuta kidogo na kiwiko, kutoka juu kwenda chini. Na nyumbani akampa rola ngumu ajiviringishe juu yake kila jioni. Mteja akawa anauma meno na kuvumilia, na baada ya mara ya tatu akamtumia meseji ambayo fizio alinionyesha, nami sijaisahau mpaka leo: "Hivi ikishavunjika itaungana tena vizuri, au ndo nitabaki hivyo?" Hakuwa amemjibu. Aliniambia hakujua aseme nini.

Nilimwomba ruhusa tukizungumzie darasani badala ya slaidi nilizoandaa. Akakubali, na kwa kweli ule ulikuwa ujasiri, maana darasani kulikuwa na mchanganyiko, mafizio, manesi, watu wa masaji, daktari mmoja kijana, kocha wa mazoezi, na kusimama mbele ya watu kama hao na picha ya kazi yako iliyoharibika si jambo dogo.

Swali la kwanza nililouliza lilikuwa jepesi: mteja anatumia dawa gani? Kimya. Fizio akatoa simu akampigia pale pale, mteja akasema ndio, amekuwa anameza aibuprofeni karibu kila siku kwa wiki kadhaa ili aweze kuendelea na mazoezi. Dawa za kundi hilo zinapunguza uwezo wa chembe sahani za damu kushikana, kwahiyo mtu anavilia damu kirahisi kuliko kawaida, na kama angekuwa kwenye dawa zenyewe za kuzuia damu kuganda tungekuwa tunaongelea hatari nyingine kabisa. Hapo manesi wakatazamana, kwao hilo ndo swali la kwanza kwa mgonjwa yeyote. Sisi tunaofanya kazi kwa mikono tunajisahau, tunaona kama mkono hauna madhara ya kuingiliana na dawa, kumbe unayo.

Halafu nikaleta mizani. Ile ya kawaida ya kupimia uzito, nikaiweka juu ya kitanda cha tiba, nikawaambia kila mmoja aje akandamize kwa kiwiko kama anavyomkandamiza mteja pale anapotaka kufika chini kabisa, sisi wengine tunasoma namba. Wengi walicheza kwenye kilo 20 mpaka 35. Kijana wetu mwenye picha, na ana mabega kweli kweli, akafika kilo 48 huku mkono unatetemeka. Nikaandika ubaoni 48. Pembeni yake nikaandika 900.

Hiyo 900 inatoka kwenye kazi ya Chaudhry na wenzake iliyochapishwa 2008. Walichukua vipimo vya ugumu wa fasia vilivyopatikana maabara wakatengeneza modeli ya hesabu, wakajiuliza unahitaji nguvu kiasi gani kuibadilisha fasia ya paja kwa asilimia 1 tu, asilimia moja ya kubonyea na asilimia moja ya kusogea kwa kukwaruza. Jibu likatoka zaidi ya kilo 900 za mgandamizo wa kwenda chini na zaidi ya kilo 450 za kusukuma kwa pembeni. Fasia ya unyayo nayo ikatoka namba za aina hiyo hiyo. Fasia laini ya pua ndo peke yake waliyoona inaweza kubadilika kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ni modeli, si paja la mtu aliye hai, na kuna watu wanaibishia baadhi ya mahesabu, sawa, lakini hata ukikata ile namba nusu na tena nusu bado kiwiko cha kilo 48 hakijafika hata karibu.

Darasa likawa kimya, na kuna mtu wa masaji wa siku nyingi niliona usoni kabisa kwamba ameumia, maana miaka yote hiyo mikono yake imekuwa "inahisi" fasia inaachia. Nilitaka kuendelea kueleza, ila aliyefungua mlango hakuwa mimi, alikuwa nesi mmoja aliyekaa nyuma, amefanya wodi ya mifupa muda mrefu.

Akasema, "Mwalimu, samahani, sisi wodini fasia tunaijua. Ndo ile inayochanwa mguu ukivimba ndani."

Nikamwambia endelea mama. Akaeleza, kwa lugha yake ya wodini, mtu amevunjika mfupa wa muundi, msuli unavimba ndani ya kile chumba chake, mgonjwa analalamika maumivu ambayo hayafanani kabisa na jeraha, dawa ya maumivu haimsaidii, ukimnyoosha vidole vya mguu kidogo tu anapiga kelele, na hapo hamna kusubiri, plasta inafunguliwa haraka na daktari wa upasuaji anaitwa, kwa sababu presha ikipanda mle ndani damu haipiti tena na baada ya saa kama 6 msuli na neva vinaanza kufa moja kwa moja. Mguu kuanzia goti kwenda chini una vyumba 4 vya namna hiyo na kuta zake ni fasia. Daktari anachana ngozi, anachana fasia, msuli unafumuka nje na mguu unapona.

Halafu akamalizia kwa sentensi ambayo sasa naifundisha kila kozi na kila mara nasema nimeipata kwa nesi: "Kama fasia ingekuwa inanyooka kwa kidole, pale wangetuita sisi tukande. Kisu cha nini?"

Nimefundisha hii kitu miaka mingi, nimesoma makala nyingi, na sijawahi kusikia mtu akaiweka wazi namna ile. Ile ile sifa inayoifanya fasia ya ndani iwe ya maana, kwamba haikubali kutanuka, kwamba inashika presha na kuipeleka, ndo inayoua mguu msuli ukivimba na ndo inayofanya kiwiko kigonge mwamba. Fasia ya paja ina unene wa karibu milimita 1 tu, lakini ndani ya hiyo milimita kuna tabaka 2 au 3 za nyuzi za kolajeni, ile protini imara inayoshikilia mwili, zilizolala kwa mielekeo tofauti, na kolajeni ukiivuta kwa urefu wake haina mchezo.

Hapa niseme kidogo kuhusu mifano tunayotumia darasani, maana inabeba mzigo mkubwa kuliko tunavyodhani. Walimu wengi wa fasia, mimi nikiwemo, tunapenda mfano wa shati: shika shati lako kiunoni, lisokote, ona linavyovuta mpaka begani, basi fasia nayo imeungana hivyo mwili mzima. Kwa kuonyesha kuungana ni mfano mzuri sana. Ila shati linakunjika na kutanuka chini ya vidole, kwahiyo mwanafunzi anaondoka na vitu viwili, kimoja cha kweli na kingine cha uongo, na mwalimu hajui kwamba amegawa vyote viwili. Siku ile nikaacha shati nikawaambia wakumbuke mkanda wa kiti cha gari. Umevutwa umekaza, ubonyeze kwa dole gumba katikati. Unasogea pembeni kidogo, unarudi. Haujarefuka. Ukitaka ulegee unafanyaje? Unaenda kwenye kile kinachouvuta.

Na hapo ndo tukafika kwenye kitu ambacho darasa zima lilikifanya kwa mikono yao wenyewe. Wakajipanga wawili wawili, mmoja analala ubavu, mguu wa juu umepumzishwa kwenye mto, mwenzake anaweka kiganja upande wa nje wa paja, robo tatu hivi ya njia kuelekea goti. Anahisi ugumu kiasi. Halafu aliyelala ananyanyua mguu sentimita 5 tu kutoka kwenye mto. Chini ya kiganja ile bendi inakaza ghafla inakuwa kama kamba ya hema. Anashusha mguu, inalegea. Ananyanyua, inakaza. Tulifanya hivyo mara tano sita, na niliona kijana wetu ameacha kiganja pale muda mrefu kuliko wenzake, ananyanyuliwa mguu na kushushiwa, hasemi kitu. Mwishowe akasema, "Kwahiyo kilichogandana kinaganduka kwa sekunde moja?"

Ndo hapo hapo. Bendi ya iliotibia haina uwezo wa kujikaza kwa haraka hivyo, inakazwa. Sehemu kubwa ya nyuzi za msuli mkubwa wa makalio zinaishia ndani yake, mbele yake kuna msuli mdogo wa tensa fasia lata nao unaishia humo humo, na chini yake kabisa msuli wa nje wa paja ukijaza unaisukuma kutoka ndani. Ule ugumu kama ubao aliokutana nao wakati wa kumpima mteja ulikuwa mvutano wa misuli ya nyonga ya mtu ambaye goti linamuuma na ameshalala pale akisubiri kuumizwa tena. Nani asingekaza?

Kuna jambo la anatomia ambalo lilitakiwa lifundishwe kabla ya mbinu yoyote ya mkono na mimi sikulifundisha. Tunachora ile bendi kama utepe unaojitegemea, umeanza nyongani umeishia chini ya goti, unaweza kuunyanyua kwa vidole. Fairclough na wenzake walipopasua na kupiga picha za MRI, kazi iliyotoka 2006, walionyesha kwamba haipo hivyo, ni sehemu iliyonenepa ya ile soksi nzima ya fasia inayozunguka paja, na imeshikizwa na mfupa wa paja kwa ndani karibu urefu wake wote, na karibu na goti ina nyuzi imara zinazoifunga kwenye mfupa. Kwahiyo ile stori tuliyosoma sote kwamba inasuguana mbele na nyuma juu ya kinundu haisimami vizuri, inaonekana kama inasogea kwa sababu mvutano unahama kutoka nyuzi za mbele kwenda za nyuma goti linapokunjwa. Chini yake pale kwenye kinundu waliona tabaka la mafuta lenye neva nyingi, na goti likikunjwa kama digrii 30 bendi inayabana yale mafuta dhidi ya mfupa. Digrii 30 ndo karibu na pale goti linapokuwa mguu unapotua wakati wa kukimbia, na kwenye mteremko mtu anakaa pale muda mrefu zaidi na kwa uzito zaidi.

Sasa unganisha. Mteja ana mafuta yenye neva yaliyobanwa kupita kiasi na kazi aliyoongeza ghafla. Tiba aliyopewa ni kukandamiza kwa kiwiko kuanzia juu mpaka pale pale panapobanwa, halafu jioni akalalie rola apabane tena kwa uzito wa mwili. Tulikuwa tunaongeza ugonjwa. Na kwenye lile paja vitu vilivyoachia ni vile vinavyoweza kuachia, mishipa midogo ya damu ya chini ya ngozi. Fasia ilibaki kama ilivyo.

Watu wakafadhaika, na hapa ndipo nilipokaribia kufanya kosa la pili. Kocha wa mazoezi akasema, basi mwalimu fasia ni uongo, mikono haifanyi kitu, tuwape watu mazoezi tu tumalize. Na vichwa vikaanza kutikisika kukubali. Ni rahisi sana darasa kupinduka hivyo, mtu aliyeaminishwa kwamba kidole kinayeyusha tishu akikuta si kweli anatupa vyote.

Nikawaambia tusimame kidogo. Hiyo imani ya kuyeyusha ina baba na mama, haikuokotwa. Ida Rolf, mwanakemia wa Marekani aliyezaliwa 1896 na kufariki 1979, alifundisha kwamba ukiweka nguvu kwenye tishu unganishi ule ute wa katikati ya nyuzi unatoka hali ya mgando unakuwa majimaji. Alikuwa anajaribu kueleza jambo ambalo yeye na wanafunzi wake walikuwa wanalihisi kweli chini ya mikono, kwamba baada ya dakika kadhaa kitu kinabadilika, mwili unalainika. Wakati huo kwenye vyumba vya kupasulia maiti fasia ilikuwa ndo ile unayoikwangua na kuitupa ili uone msuli, na maiti zenyewe zimekaa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, zimekakamaa, tabaka hazitelezi tena. Walioipa uzito walikuwa wachache, na kongamano la kwanza la kimataifa la utafiti wa fasia limekuja kufanyika 2007 tu, Boston. Kuhisi kwao kulikuwa sahihi, maelezo ndo yalikosea, na mimi sioni aibu kusema hivyo vyote viwili kwa pamoja.

Kinachobadilika chini ya mkono ni nini basi? Fasia imejaa vipokezi vya neva, kuna vya Rufini vinavyoitika kwa mvuto wa taratibu wa pembeni, kuna vya Pachini vya mtetemo na mgandamizo wa ghafla, kuna ncha nyingi huru. Mkono mtulivu unaongea na hivyo, taarifa inapanda, na uti wa mgongo na ubongo vinapunguza ulinzi, msuli unaacha kukaza na ile bendi inalegea kama tulivyoona mguu uliposhushwa kwenye mto. Hiyo haihitaji kilo 900, haihitaji hata kilo 5. Halafu kuna suala la kuteleza. Katikati ya tabaka za fasia na juu ya msuli kuna asidi ya hayaluroni, ule ute unaolainisha, na tabaka zikiwa na afya zinapishana. Timu ya Helene Langevin walitumia ultrasaundi kwa watu 121, 71 kati yao wana maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na matokeo ya 2011 yalionyesha kwamba kwa wenye maumivu tabaka za fasia ya kiuno zinapishana pungufu kwa karibu asilimia 20. Kama kupungua huko ndo kunaleta maumivu, au ni maumivu yanayomfanya mtu asijisogeze mpaka tabaka zikazoea kukaa, utafiti ule hausemi. Ila unaona kwamba hapo kinachotakiwa ni kusogea, na mtu akijisogeza mwenyewe kutwa nzima anafanya zaidi ya dakika 20 za kwangu.

Yule mtu wa masaji wa siku nyingi aliposikia hayo ndo akarudi kutazama mbele. Akasema, "Kwahiyo nilichokuwa nahisi nilikuwa nahisi kweli." Nikamwambia ndio mama, ulikuwa unahisi kweli.

Mchana wote tuliutumia kwenye kitu ambacho kozi nyingi za mikono hazikigusi, kile cha kumwambia mteja. Ile meseji ilikuwa bado haina jibu. Nikawagawa makundi, kila kundi liandike jibu, na la kwanza lililosomwa lilikuwa mhadhara mzima wa kolajeni na vipokezi, mtu mwenye goti linalouma angelala katikati. La pili lilikuwa la kujitetea. Tukafuta, tukaandika tena. Mwishowe fizio mwenyewe akaandika lake akatusomea kabla hajalituma: "Dada, samahani nimechelewa kukujibu. Hakuna kilichovunjika kwenye paja lako na hakuna kilichokuwa kimegandana, nilikueleza vibaya. Ile fasia ni imara na iko salama. Michubuko ni ya juu, nilikandamiza kupita kiasi na hukustahili, itaisha. Goti lako limebebeshwa kazi haraka kuliko lilivyozoea. Rola iache kwa sasa, na hiyo aibuprofeni naomba uongee na daktari wako kabla ya kuendelea nayo. Njoo Alhamisi tupange upya, sitakuumiza."

Mteja akajibu kabla saa moja haijapita: "Asante. Nilikuwa naogopa hata kupanda ngazi."

Hilo la ngazi fizio hakuwahi kulijua. Mwanamke mzima, mkimbiaji, anaogopa ngazi kwa sababu ya neno moja alilosikia kwa mtu anayemwamini. Nikiulizwa madhara makubwa kwenye kisa hiki ni yapi nitasema ni hayo, madoa ya damu yaliisha kwa wiki mbili.

Tiba iliyofuata sitaielezea sana maana ni ya kawaida. Kilomita zilipunguzwa, mteremko ukasimamishwa kabisa, akaanza mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyonga kidogo kidogo, kisha kukimbia vipande vifupi kwenye tambarare akisimama kabla maumivu hayajaja, na akarekebisha hatua kidogo kwa sababu alikuwa na tabia ya kutua miguu kama anatembea juu ya kamba, mmoja mbele ya mwenzake, na hiyo inaongeza mvutano kwenye bendi. Mkono ukabaki, kiganja tu, dakika chache mwanzoni, kwa sababu yeye mwenyewe alisema unamtuliza. Mashindano yale aliyakosa. Baada ya wiki kama kumi alikuwa anateremka tena bila shida. Siwezi kusema ni kitu gani kati ya hivyo kilichomponya, pengine hata angepumzika tu na kurudi taratibu angepona, maumivu ya aina hii mara nyingi yanakubali kupunguziwa kazi. Kisa kimoja hakitoshi kwa hilo na sitaki mtu achukue ratiba yake kama dawa.

Upande wangu nilifuta ile slaidi ya wavu. Nilijaribu kuirekebisha kwanza, nikaona haiwezekani, mchoro unakaa kichwani kuliko maelezo yoyote utakayoongeza chini yake. Sasa kozi inaanza na kiganja juu ya paja na mguu unaonyanyuliwa, kabla ya jina lolote la Kilatini, mizani inakuja baadaye, na manesi nawaomba waelezee vyumba vya mguu wenyewe. Maneno "kuvunja", "kuyeyusha" na "kuachia" tumeyatoa, na kila mwanafunzi kabla ya kupata cheti anamweleza mwenzake, kama mteja, kinachoendelea kwenye mwili wake, na mwenzake anasema kama amebaki na hofu au la. Wengine hawapiti mara ya kwanza, wanarudia. Wale waliosoma kozi ya zamani niliwaandikia wote nikawaeleza kilichobadilika na kwa nini. Wachache walikasirika, na nawaelewa, kuna waliokuwa wamelipa kujifunza kile ambacho sasa nasema tusifanye.

Yule fizio bado tunaandikiana. Juzi kanitumia swali, ana mteja mwingine, huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo na kovu linavuta kila akinyooka, akauliza, "Mwalimu, na hapa napo tuseme hakuna kilichoshikana?" Nikamwambia hapana, hapo ni tofauti, baada ya kisu tabaka zinaweza kupona zikiwa zimeshikana kweli, mpaka kwenye utumbo, na kuna mambo ya kumuuliza daktari aliyempasua kabla hujagusa, ila kwanza niambie anatumia dawa gani. Jibu likaja ndani ya dakika moja, dawa tatu, dozi zake, na tarehe alizoanza. Alikuwa ameshauliza.